Kisima Chenye Kamba Iliyokatika

Adelmo Tassinari alisubu kengele, akimimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu, kwa miaka thelathini na moja, mpaka vijiji vya kando ya mto Po, huko Italia, vilipoanza kupiga kengele kwa spika na kiwanda kikafungwa. Halmashauri ya mji ikampa kiti cha mlinzi katika jumba dogo la makumbusho, chumba cha tatu, penye sarafu na medali. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kukaa na vyuma.

Februari ile mkewe, Iride, alianguka jikoni akiwa na mwiko wa polenta, ugali wa kwao, mkononi, asiamke tena. Adelmo alimzika Jumanne. Ijumaa alitoka kwenda kazini, amenyoa ndevu, tai imekaa sawa. Norma, mdogo wa marehemu, akamfuata mpaka mlangoni.

"Shemeji, hata chozi moja hujatoa."

"Nitatoa."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Hakuwa akifanya mzaha. Ndani yake palikuwa pamekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Chakula alikula, usingizi alipata, salamu za watu alizipokea zote. Watu wakasema ana moyo mgumu. Na hilo nalo alilisikia, likapita.

Mwezi Mei mkurugenzi mpya, Daktari Ludovica Zamboni, mwanamke wa Padova asiyejua kutembea polepole, akaamua kufungua makabati yote yasafishwe. Alipofika chumba cha tatu akatoa medali moja ya shaba nyeusi, pana kama kifuniko cha chupa ya jamu. Kibandiko chake kilisema: "Kijana wa kiume, hajulikani."

"Nishikie hii, Bwana Adelmo, nifute kioo."

Adelmo akaipokea kiganjani, akapitisha kidole ukingoni.

"Hii ni mtoto," akasema.

"Mtoto wapi? Huyu ana miaka kumi na saba hivi."

"Sisemi uso, Daktari, nasema medali yenyewe. Imezaliwa na nyingine. Mtu alichukua ile ya kwanza, akaigandamiza kwenye udongo, akasubu upya. Tazama herufi zilivyovimba, kama mkate uliolowa. Na shaba ikipoa hunywea. Mama yake ni mkubwa kidogo, milimita moja hivi."

"Una uhakika?"

"Kengele nilizokosea vipimo ziko kwenye minara mitatu mpaka leo. Nina uhakika."

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akazima taa, akalaza mwanga wa tochi juu ya medali, akainama na lenzi yake. Kwenye ukingo zikajitokeza herufi chache: DEL, kisha pengo, kisha GUAR.

"Halafu huyu si mvulana," akasema. "Nywele zimesukwa kwa utepe na kufungwa nyuma. Walioandika kibandiko walitazama nini?"

Adelmo akaigeuza. Upande wa pili palikuwa na kisima, kamba imekatika, ndoo inaanguka. Akaisogeza karibu na mwanga wa tochi.

"Nimekiona kisima hiki."

"Wapi?"

"Kanisa la San Biagio. Sakafuni, upande wa kushoto."

"Sakafuni ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikuwa natafuta. Tulikuwa kwenye misa ya kumuaga mke wangu."

Daktari Ludovica akafunga mdomo kwa mkono. Adelmo akamrudishia medali. Katika ibada ile yote hakukumbuka wimbo hata mmoja, wala maneno ya padri, wala nani alikaa karibu naye. Alikumbuka jiwe la kaburi la pale sakafuni tu, maana ndilo alilolitazama.

"Twende," akasema. "Saa sita wanafunga."

Padri Remigio, mzee mnene mwenye kandambili, aliwakuta wanasogeza mabenchi.

"Mnachimba hazina?"

"Tunatafuta mtu, Padri."

"Wamelala hapo zaidi ya mia. Chagueni."

Jiwe lilikuwa chini ya benchi la tatu. Kisima ni kile kile, na kamba imekatika pale pale. Maandishi yalikuwa yamelika kwa viatu, ikabidi Daktari atandaze karatasi na kusugua penseli juu yake, magoti yake yakiwa kwenye vumbi. Alisoma Kilatini chake polepole: Fiordelisa, binti wa Guarniero tabibu, aliishi miaka kumi na saba.

"Fiordelisa wa Guarniero," akanong'ona. "DEL. GUAR. Bwana Adelmo, ni yeye!"

"Kama ni yeye, mama wa medali atasema."

Basi Daktari akaandika barua kwa kila aliyejulikana kuwa na medali za zamani, akiuliza kama kuna yenye kisima, kubwa kuliko yao kwa milimita moja. Majibu yalikuwa hapana, hapana, hatujui. Wiki ya nne bibi mmoja wa Mantova, mkusanyaji, akatuma picha. Milimita sitini na moja. Ya kwao ilikuwa sitini. Herufi zote zilisomeka, na jina lilikuwa lile lile.

Daktari Ludovica akapiga kelele, akamkumbatia mlinzi wake. Adelmo akasimama kama nguzo, akingoja amalize.

"Hufurahi?"

"Nafurahi."

"Basi mwambie uso wako, haujapata habari."

Kibandiko kikabadilishwa. Gazeti la mkoa likaandika nusu ukurasa, likamtaja "fundi mstaafu wa kengele." Meya alipotaka kupiga naye picha, Adelmo alisema zamu yake haijaisha. Wageni walipouliza, alijibu jina la msichana, la baba yake, na umri wake, kwa sauti ile ile aliyowaonyeshea choo.

Jumapili moja ya Juni Norma alikuja na mifuko mikubwa, kutoa nguo za dada yake kabatini. Alikuwa ameliahirisha jambo hilo tangu Pasaka. Alikunja blauzi, sketi, na koti la kijivu la majira ya baridi. Kwenye mfuko wa koti akakuta leso na orodha ya sokoni: vitunguu, siki, kiberiti.

"Utaiweka hii, shemeji?"

Adelmo akaisoma.

"Kiberiti tunacho," akasema.

Norma akaketi kitandani akalia, mabega yakitikisika. Adelmo akamsubiri kidogo, kisha akachukua mmoja wa ile mifuko mikubwa, akaupanua mdomo kwa mikono miwili, akaushika hivyo ili nguo zilizobaki ziingie.