Kiuno cha Bwana Kigongo

Sikudhani alinyang'anywa mtoto wake kwa uongo, na aliyeujua ukweli akafunga mdomo. Hilo lisemwe kwanza, maana Dodoma watu hupenda kuianza hadithi hii kwa kicheko.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli imeshapita Zuzu. Sikudhani, Mrangi wa Kondoa, aliishi mtaa wa Kikuyu, Dodoma, na mumewe Hasani, kibarua wa relini. Yeye alitwanga uwele wa posho ya vibarua, uani kwa Mdachi ambaye watu walimwita Bwana Kigongo. Kila jioni Mdachi huyo alishika kigongo chenye kichwa cha chuma, akapiga kijipira nyikani, akakifuata kwa miguu, akakipiga tena.

"Mchezo huo unaitwa gofu," Mustapha, mpishi wa nyumba ile, alimwambia Sikudhani.

"Gofu? La nyumba iliyobomoka?"

"Nyumba nzima, shemeji. Kilichobomoka ni mgongo wake."

Kweli, mchezo ulimvunja mgongo. Kwa hiyo asubuhi alitoka barazani kujinyoosha. Alilaza kigongo mabegani, akatundika mikono juu yake, akageuza kiwiliwili kushoto na kulia polepole, nyayo hazibanduki. Alikaa kitini akainuka bila kujishika. Alisimama kwa mguu mmoja kama mchungaji wa Kigogo. Mwisho alikamua taulo bichi mpaka mishipa ikamtoka, ili mikono isilegee kwenye kigongo. Sikudhani alimtazama kutoka kinuni, na baada ya muda akamwona anaokota kijipira bila kuguna.

Naye mgongo wake ulikuwa umekufa kwa kutwanga. Basi akaenda nyuma ya tembe lao, akalaza mchi mabegani, akajigeuza vilevile. Baada ya siku kadhaa, akaanza kupata usingizi. Hapo ndipo mama mkwe alipomfuma.

"We mke wa mwanangu! Kiuno hicho umekitoa wapi?"

"Kwa Bwana Kigongo, mama."

Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini kiuno mwanamke hufundwa na kungwi, ndani, mlango umefungwa. Kukitoa kwa mwanamume, tena Mdachi! Bibi yule alijitwika mikono kichwani, akatoka mbio kwa majirani.

Mustapha angeweza kuuzima moto ule kwa neno moja. Badala yake aliupeleka sokoni. "Bwana wangu kapata mwari," aliwaambia wauza chumvi, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzaha ukaota meno.

Hasani akaita wazee wa mtaa, akamwita na Mustapha.

"Kaka Mustapha, waambie," Sikudhani alisema. "Yule bwana amewahi kunisemesha hata mara moja?"

Mustapha aliikunjakunja kofia yake. "Mimi mtu wa jikoni. Ya uani siyajui."

"Huyajui! Si wewe uliyenicheka kwamba hata jina langu halijui, ananiita Kinu?"

"Siyajui, dada."

Aliyajua. Ila kusema kweli kungemfichua kuwa mzaha wa sokoni ni wake, na kumtania Mdachi malipo yake yalikuwa kiboko. Akauokoa mgongo wake kwa kumtoa mwanamke kafara.

Hasani hakupaza sauti. Alitamka talaka, akamtoa binti yao Tabu mgongoni kwa mama yake, mtoto aliyeachishwa ziwa juzi tu, akamkabidhi bibi yake. "Binti yangu hatalelewa na kiuno cha Mdachi," alisema. Mtoto alilia akinyoosha mikono, na wazee wale, wenye binti zao, wakatazama chini.

Sikudhani yuko Kondoa kwa kaka yake. Tabu sasa anateka maji na kumwita bibi yake mama. Mara mbili Sikudhani alishuka Dodoma kumwona, mara mbili alifukuzwa mlangoni kama mbwa.

Bwana Kigongo hadaiwi. Alikuwa akinyoosha mgongo wake nyumbani kwake. Hasani anadaiwa mtoto. Mama mkwe anadaiwa kila mara anapoitikia akiitwa mama. Na Mustapha, anayepika pilau za harusi za watu na kusifiwa, anadaiwa maneno machache, ayatamke mbele ya wazee walewale, mchana, kwa sauti: "Hakuwahi kumsemesha. Nilijua." Hajayalipa. Mpaka leo akimwona mtu wa Kondoa njiani, huvuka upande wa pili.