Mpira wa Mgongoni mwa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Jenereta. Jina hilo hakulipata kwa kushona. Akilala chali anakoroma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, halafu ghafla kimya: pumzi imekata. Majirani hucheka. Dada hacheki. Humtia kiwiko cha mbavu, Jenereta anashtuka, anavuta hewa, anaendelea kulala kana kwamba hajamkosea mtu. Dada yangu amezeeka kwa kulinda pumzi za mwenzake.

Sasa binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mji wa mbali, na kila akipiga simu alimlilia mama yake aende. Dada alitamani kwenda kuliko kitu chochote. Lakini kile kiwiko angemwachia nani?

Daktari alikuwa amempima shemeji, akasema wapo ambao kulala ubavu hakuwatoshi, wanahitaji mashine, ila yeye shida yake yote ni kulala chali. Basi alale ubavu, na ili asigeuke, ashone mfuko mgongoni mwa pajama, atie mpira mgumu. Fundi mwenye majivuno akaona amepata kazi. Akashona mfuko wenye pindo safi na vifungo vinne. Alipoivaa, mpira ukamchoma.

"Mimi sijawahi kutoa nguo inayomuumiza mteja," alisema, akauzungushia mpira sponji, tabaka juu ya tabaka.

Mchana ule tukamjaribu. Yeye kitandani, dada kwenye kiti, mimi mlangoni. Hakukaa sana akageukia chali, akajikita juu ya sponji yake raha mustarehe, na injini ikawaka. Kisha kimya. Dada akamrukia.

"Haujaniuma hata kidogo, mke wangu," Jenereta alisema kwa fahari, macho bado mazito.

Dada akaangua kilio. "Ndiyo maana umekata pumzi, mwanaume wewe! Nishindwe kwenda kwa mwanangu kwa sababu ya ufundi wako?"

Nikamwambia, "Shemeji, mara moja tu katika maisha yako, shona vibaya."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Kisha akamtazama dada, akachukua mkasi, akafumua sponji yote. Akalala tena. Kila alipotaka kugeuka, mpira ulimchoma, akaporomosha tusi na kurudi ubavu. Taratibu matusi yakaisha. Akapumua vizuri, bila kukatika, kwa muda mrefu mpaka nikachoka kusikiliza.

Nilipogeuka kumwambia dada, nilimkuta amelala palepale kitini, mdomo wazi. Nikatoka kwa kunyata, nikampigia binti yao simu, nikamwambia mama yake anakuja.