Salamu za Mjane Mbele ya Bodi

Mimi ndiye mdogo kuliko wote kwenye bodi ya shirika letu la haki na utamaduni, hapa Kasulu. Siku moja mjane kutoka Nyakitonto alikuja kutuomba msaada, maana shemeji zake walikuwa wanamnyang'anya shamba. Alipiga magoti, akaanza kumsalimia kila mjumbe kwa kupiga makofi, kama ilivyo desturi ya Waha.

"Mama, kaa kwenye kiti," nikasema.

"Mwache, kijana," akanikatiza mwenyekiti. "Huo ndio utamaduni tunaoulinda."

"Na haki yake?"

"Hiyo ni ajenda ya pili."

Wajumbe wakacheka. Mjane akainuka, akavuta kiti, akakaa.

"Basi tuanze na hiyo ya pili," akasema. "Shemeji zangu wanalima sasa hivi."

Mwenyekiti akaniagiza nimwite dereva atupeleke shambani. Bado najiuliza: angebaki amepiga magoti, tungekwenda?