Ndege Waliyemwita Mtoro

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, ukuta wa nyuma ulipoanguka. Hapana, nakosea. Mwaka wa mvua mke wa mzee huyu ninayemsimulia alikuwa hai bado, maana ndiye aliyesimama kwenye matope akicheka, akasema sasa hata kuku wa jirani watapita bila kupiga hodi. Basi ni mwaka uliofuata, ukuta ukiwa umeshajengwa upya, na mwanamke mwenyewe hayupo tena.

Mtaa mzima ulimwita Karani. Alikuwa karani wa mahakama tangu nywele zake nyeusi mpaka zilipokuwa nyeupe, kisha akaambiwa asante, nenda kapumzike. Kupumzika kukamshinda. Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi kama kawaida, akaenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, macho kwenye kamba ya nguo, akingoja mtu aje kuapa. Hakuna aliyeapa. Mke wake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kwenye dirisha linalotazama upande huo huo. Akachoka kumwona mume amekaa kama mzigo usio na mwenyewe.

"Mzee," akamwambia, sindano ikiwa mdomoni, "wewe umezoea kuandika majina ya watu. Si uandike ya ndege?"

Alisema kwa utani. Lakini kuna watu ukiwatania wanachukua kalamu.

Bustani yenyewe haikuwa ya kujivunia. Mpera mmoja, mlimao wenye miiba mingi kuliko ndimu zake, nakosea tena, malimau yake, matuta mawili ya mboga, na beseni kuukuu la kufulia ambalo mke alilijaza maji ndege wanywe. Juu yake kamba ya nguo. Na kwa kuwa Karani hakujua kufanya jambo bila sheria, akaliwekea sheria. Ndege ahesabiwe akionekana kutoka bustanini tu. Yeye anaweza kuwa juu ya paa la jirani au mawinguni huko, lakini anayemtazama miguu yake iwe ndani ya ukuta. Kila mwaka ni ukurasa mpya, na hakuna anayeingia kwa sifa za mwaka jana. Halafu ile sheria kubwa: ndege haandikwi kwa ushahidi wa mtu mmoja. Wawe wawili, wamwone pamoja. Hii aliitoa kazini kwake. Alishaona mtu akifungwa kwa neno la shahidi mmoja, likamkaa rohoni kama mfupa wa samaki.

"Kwa hiyo mimi nikimwona peke yangu," mke aliuliza, "nimeona nini?"

"Umeona tetesi."

"Na wewe ukimwona peke yako?"

"Tetesi vile vile. Tena ya mzee, mbaya zaidi."

Wakacheka. Lakini waliishika ile sheria, na nadhani hapo ndipo maajabu yalipoanzia. Mtu akiwa peke yake humwona kunguru akasema kunguru, basi, akaendelea na chai yake. Ila asubuhi ya kwanza ya mwaka, wakiwa wawili wamesimama na vikombe mkononi, ukurasa mtupu, kunguru akatua juu ya ukuta, loo! Wanamtazama kama hawajawahi kumwona. Wanaona kumbe weusi wake si weusi, una bluu ndani kama wino uliomwagika. Wanaona anavyotembea, mikono nyuma, kama wakili aliyelipwa vizuri. Mke alikuwa akiwatazama wote kwa jicho la kazi yake. Siku moja chozi alitua kwenye ua la mlimao, ndege asiyezidi kidole, koo jeusi. Akageuza shingo kidogo koo likawa zambarau, akageuza tena likawa kama shaba iliyotoka motoni. Mama yule akashika mkono wa mumewe.

"Tazama huo mshono," akanong'ona. "Huoni uzi ulipoanzia, wala fundo lilipo. Nani alikishona kitu hiki?"

Karani akaandika: chozi. Lilionekana neno dogo mno.

Sasa kulikuwa na mmoja waliyemwita Mtoro. Mwili wake mdogo tu, mgongo wa rangi ya tofali lililoiva, kichwa cheusi chenye kishungi, na mkia, ndugu yangu, mkia umemzidi mwenyewe, kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Mke alikuwa ameshamwona, Karani akiwa msalani. Karani naye alimwona, mke akiwa sokoni. Kila mwaka hivyo hivyo, huyu akimwona yule hayupo. Mwisho wa mwaka Karani hufunga daftari na kutangaza kwa sauti ya mahakama, "Mshtakiwa hakufika. Kesi inaahirishwa hadi mwakani." Na mke hujibu kutoka jikoni, "Mheshimiwa, dhamana ifutwe!"

Mwaka ninaousimulia walianza wote wawili, vikombe mkononi. Ukurasa ulikuwa umefika nusu mama yule alipougua, na hakuugua sana, akaondoka.

Baada ya matanga ndege walikuja kama kawaida. Wao hawakuambiwa. Karani alikaa kwenye kigoda akawaona, shore, tetere, mwewe akizunguka juu kabisa, na daftari likabaki limefungwa mapajani. Binti yake, aliyekuwa akija Jumapili na mifuko ya vyakula, hakulipenda jambo hilo.

"Baba, si uandike tu. Nani atakushtaki?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Sheria mmeitunga wenyewe jikoni!"

"Zote zimetungwa na watu. Nyingine zimetungwa jikoni."

"Basi mimi niwe shahidi."

Alikaa naye mchana mzima, maskini, jicho moja kwenye mpera na jingine kwenye simu. Mnana alipotua, Karani alikohoa mara mbili kumwonyesha, kisha akaacha. Si kwamba binti hakufaa. Lilikuwa jambo jingine, na Karani hakulisema kwa mtu. Kila ndege kwenye daftari lile alikuwa na alama mbili pembeni, sahihi yake yeye iliyonyooka kama barua ya serikali, na kando yake kimsalaba kidogo cha mke, kama mshono wa kufunga kifungo. Pale pa kimsalaba kuweka mkono wa mtu mwingine, aliona ni sawa na kumnyanyua mwenyewe kitini hali bado anakipasha joto. Na asipoweka, daftari limekufa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Nyuma ya ukuta alikaa mchomeleaji wa mageti, mtu wa makamo waliyemwita Cheche. Hawakuwa maadui, lakini walishasemezana kuhusu mashine ya kukatia vyuma, ambayo ikilia hata mijusi huhama. Marehemu alikuwa akisema Cheche hata ndege wakijenga kiota kichwani mwake, atauliza nani ameniletea kofia.

Basi asubuhi moja, mvua imekatika, kamba ya nguo inadondosha matone, Karani akainua macho, na Mtoro huyo hapo. Kwenye kamba. Mkia unaning'inia kama utepe uliosahauliwa.

Karani akatazama huku na huku. Nyumbani hakuna mtu. Binti yuko kazini, mbali. Akasikia nyuma ya ukuta vyuma vikisogezwa, na waya wa umeme ukiburutwa: Cheche anakaribia kuwasha mashine. Akiwasha, basi. Mzee akainuka kama anayetoka chumba cha mtoto aliyelala, akanyata hadi ukutani, akachungulia, kidole mdomoni.

"Shikamoo, mzee," Cheche akasema haraka. "Kama ni kelele, leo hata sijaanza."

"Marahaba. Nyamaza. Njoo."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Ndege."

Cheche akamtazama. Mtaani watu walishaanza kusema mzee wa watu upweke umemgusa kichwa. "Ndege," akarudia taratibu. "Mzee wangu, mimi nina geti la mtu hapa, anakuja saa hii."

"Nakuomba, mwanangu. Uje unishuhudie."

Labda ni lile neno mwanangu. Cheche akapanda juu ya pipa, akachungulia. "Haya, nimemwona. Mzuri."

"Haifai. Lazima miguu iwe ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya ukuta."

"Ee Mungu wangu," alisema Cheche, lakini alisema kwa kunong'ona, na mwanamume yule mzito, na mabuti yake ya kazi, akapanda ukuta kama mwizi mchana kweupe. Suruali ikanasa kwenye mlimao, ikasema chrrr. Akashuka hivyo hivyo. Wakasimama bega kwa bega kwenye tuta la mboga.

Na Mtoro, badala ya kutoroka, akashuka. Akaruka kuelekea beseni, akayagusa maji kwa kifua, akapanda, akageuka hewani, na ule mkia ukachelewa nyuma yake, ukachora duara peke yake baada ya mwenye mkia kuwa ameshapita. Tena. Na tena. Jua likaingia kati ya matone, na macho ya ndege yakaonekana yamezungushiwa pete ya bluu, nyembamba, ambayo Karani kwa miaka yote ya tetesi hakuwahi kuiona. Hakuna aliyemtuma ndege yule kufanya hivyo. Hakuna aliyemlipa. Beseni la kufulia, ukuta wenye viraka, na kitu kama kile kinaoga humo.

Karani akageuza kichwa kidogo. Cheche alikuwa amevua ile miwani yake myeusi ya kazini, ameishika kifuani kwa mikono miwili, mdomo wazi. Mdomo wazi vile vile. Mzee alishauona uso ule mara nyingi, kando yake, juu ya kikombe cha chai, na hakudhani kama kuna mtu mwingine duniani aliyenao.

Ndege akaruka juu ya mpera, juu ya paa, akaenda zake.

Kule nyuma mwenye geti alikuwa akigonga na kuita, "Fundi! We fundi!" Cheche alikuwa bado anatazama juu ya paa.

Karani akafungua daftari. Aliandika jina la ndege kwa herufi zake za mahakama, akatia sahihi. Kisha akatulia, kalamu juu ya ile nafasi ya pili, mpaka Cheche akadhani amesinzia.

"Weka sahihi yako hapa," akasema mwishowe, akimpa kalamu. "Si juu ya mstari. Chini yake kidogo, uache mahali."

Cheche hakuuliza mahali pa nani. Akaweka, chini kidogo.

Tangu siku hiyo mashine ya vyuma ilianza kulia kwa kuchelewa, maana asubuhi Cheche alianzia bustanini kwa mzee, na wenye mageti walinung'unika. Ukurasa ulijaa hadi mwisho wa mwaka, na miaka mingine ikafuata. Lakini jambo moja lilimkaa Karani. Alimuuliza Cheche, akakuna kichwa. Alimuuliza binti yake, akatazama kwenye simu, hakukuta. Alimuuliza hata mwalimu wa shule anayepita pale jioni, naye akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Aliuliza hivi: yule ndege alipotoka hapa, hakwenda mahali pasipo watu, mbele ya safari kuna ukuta mwingine na beseni jingine. Je, huko nako wako wawili wanaomngoja?