Kaka Yangu Aling'oa Msalaba wa Mama Ili Kampuni Ipate Parking

Admin, nifichie jina, na kampuni usiitaje, maana hapa Karurumo tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita. Nasimamia wafanyakazi katika kampuni ya kupakia makadamia. Niliingia hapo ikiwa banda la mabati, na leo malori yanapanga foleni getini. Mume wangu hana kazi, kwa hivyo nyumba yote inanitegemea.

Kampuni imekua, wafanyakazi wamenunua pikipiki na vigari, na hakuna pa kuviweka. Tunaviacha ng'ambo ya barabara tunavuka lami mbio. Mwaka huu msichana wa kitengo changu aligongwa akivuka, mguu ukavunjika. Mimi ndiye niliyempigia meneja kelele: "Boss, tutafutie parking kabla hatujazika mtu." Kwa hivyo mtu asije hapa kuniambia nachukia maendeleo.

Meneja akatafuta, akapata shamba lililopakana na ukuta wetu. Hilo shamba ni la kwetu. Mama alitulea peke yake, akalinunua kwa jasho la kahawa, na alipofariki tukamzika humo, pale kwenye kona ya juu, kama watu wote wa huku wanavyozika. Hati ikaandikwa jina la kaka yangu mkubwa, nimwite Njeru. Mimi sikuulizwa kwa sababu niliolewa.

Shamba likiwa la kilimo, haligeuzwi parking mpaka kaunti ikubali na majirani waulizwe. Notisi ikabandikwa, baraza likaitwa uani kwa kampuni. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua Njeru atataja kaburi, halafu ama ile kona itengwe, ama tumhamishe mama vizuri na pasta akiwepo. Si ndivyo watu hufanya?

Siku ya baraza nilivalishwa tisheti ya kampuni niwagawie majirani soda na mkate. Ofisa wa kaunti akauliza, "Kuna kaburi kwenye hiyo ploti?"

Njeru akasimama, kofia mkononi, mpole kabisa. "Hakuna, bwana. Hapo ni mboga tu."

Mboga! Nilibaki nimekumbatia kreti. Nikawaangalia majirani, wale akina mama walioimba siku ya mazishi, wale wanaume waliochimba lile shimo kwa mikono yao. Kila mtu akaangalia soda yake. Mzee wa kijiji akapangusa mdomo akasema, "Sisi hatuna pingamizi, vijana watapata kazi." Wakapiga makofi. Na mimi, na tisheti yao mwilini, nikaendelea kugawa mkate.

Watu walipotawanyika nikaenda shambani mbio. Msalaba hakuna. Lile tuta limesawazishwa, juu yake kumepandwa sukuma wiki, majani manene yanang'aa. Mke wa Njeru alikuwa hapo anachuma. Akaniita kwa furaha, "Wifi, karibu! Nikufungie zingine? Si zile za juzi ulisema ni tamu?"

Ngai! Nilitapika hapo hapo. Kwa sababu ni kweli, alikuwa amenitumia mboga. Nilizipika, nikalisha watoto wangu, na nikampigia simu kumshukuru. Mpaka leo nikiona sukuma kwa sahani naondoka mezani. Nilipouliza msalaba uko wapi, alinionyesha kwa kidole tu. Wameufanya komeo la banda la kuku, jina la mama limejaa mavi.

Nikamfuata Njeru. Alikuwa amekaa anatafuna majani ya muguka, wala hakusimama. Nikamwambia, "Kaka, basi tumhamishe mama kwa heshima, halafu uza."

"Wewe uliolewa, hayakuhusu. Kuhamisha kunataka kibali, kunataka maneno mengi. Wakisikia kaburi wataenda kununua kwingine. Na mama ameoza kitambo, anataka shamba la nini?"

Ameoza. Mtu aliyebebwa mgongoni na huyo mama mpaka hospitali anasema hivyo, huku akitema majani miguuni pangu. Jamani, kuna watu wanatia kinyaa!

Jumapili kanisani jirani mmoja akanikumbatia akaninong'oneza, "Pole, tulifikiri mmekubaliana kama familia." Nikatoa mkono wake begani kwangu. Mtu hawezi kula mkate wa kumuuza jirani yake halafu aje kunipapasa.

Na msiniambie nimweleze meneja kwa siri. Nilijaribu. Sijafika hata katikati, akanikata: "Mambo ya familia malizeni nyumbani. Mimi kaka yako ameniwekea sahihi." Nilikuwa namheshimu sana huyo mtu. Sasa hata salamu yake inanichefua.

Juzi akaniita tena ofisini, anacheka. Alhamisi maofisa wa kaunti wanakuja kukagua ploti kabla ya kupitisha. "Wewe ni mtoto wa hapo, unajua mipaka yote. Ndiwe utawatembeza." Njeru naye amenitumia ujumbe kwamba nikifungua mdomo nisimwite kaka tena.

Nikisema, mpango unaweza kuanguka. Wenzangu wataendelea kuvuka lami wakigongwa, na mimi nitafukuzwa, watoto wangu watakula nini? Nikinyamaza, watamwaga kokoto juu ya mama, na kila asubuhi nitapita getini nikiona magari yakirudi rivasi juu ya kifua chake.

Watu wangu, nimechoka kulia peke yangu. Kutoka mpaka wa chini kwenda wa juu, lazima tupitie kwenye hizo sukuma. Wale maofisa watakuwa nyuma yangu, wakinifuata ninapokanyaga. Nishaurini: tukifika hapo nisimame niseme, ama nimkanyage mama yangu nipite?