Sindano Katika Friji ya Chanjo za Kuku

Mimi nauza dawa za mifugo mjini Nyamira, na kwa miaka kumi na miwili friji ya duka langu haikuwa na kitu ila chanjo za kuku, chanjo za ng'ombe na chupa yangu ya maji. Mwezi wa pili mwaka jana shemeji yangu Jasper Onyancha aliingia na kipakiti ndani ya mfuko wa kaki, akaniomba nimwekee kwenye friji hiyo na nisimwambie mtu. Nilidhani ni dawa ya ng'ombe wake. Akasema ni yake mwenyewe.

Jasper ndiye aliyemwoa dada yangu Tryphosa. Ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, kazi yake kupima mizigo ya watu tangu asubuhi, na wakati ule yeye mwenyewe alikuwa mzigo wa kilo mia moja thelathini na moja. Hakuna aliyeona tatizo, mimi nikiwemo. Kwetu tumbo la mwanamume ni cheti cha mkewe. Watu walimtazama Jasper wakamsifu Tryphosa, na mama yetu Nyanchera, huko Kenyenya anakoishi, alikuwa akienda sokoni shingo juu kwa sababu binti yake anajua kulisha mtu.

Lakini baba yake Jasper alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na tisa, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kaka yake naye alianguka akiwa na arobaini na minane, na mpaka leo upande mmoja wa mwili wake umelala. Wote wawili walikuwa wanene kama yeye. Jasper alikuwa ametimiza arobaini na sita, presha inapanda, sukari imefika mlangoni inabisha hodi. Daktari wa kliniki moja ya Kisii alimwambia kwamba unene wenyewe ni ugonjwa, na unatibiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijamaliza. Ugonjwa ambao mtu anasifiwa nao kanisani ni ugonjwa gani?

Tiba ilikuwa na mambo matatu: sindano mara moja kwa wiki, mpango wa chakula, na kocha.

"Kocha wa timu gani?" nilimwuliza.

Hakucheka. Kocha ni msichana anayeitwa Natasha, anawapigia simu wanaume sita kila Jumanne, mmoja mmoja, kuwauliza wamekula nini, wamelala saa ngapi, na wiki hiyo wamekasirishwa na nini.

"Hasira inahusu nini na tumbo, shemeji?"

"Hata mimi sijui," alisema. "Lakini nikishamjibu nasikia afadhali."

Mpango wa chakula ulikuwa kwenye karatasi yenye picha ya sahani. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo nyama au maharagwe. Niliigeuza karatasi ile juu chini nikidhani nimeishika vibaya. Tangu nizaliwe, mboga ni ya kusukumia ugali. Sasa ugali ndio usukume mboga?

Kliniki ilimfundisha kujidunga mwenyewe tumboni. Ijumaa ya kwanza alikaa nyuma ya pazia la duka, juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, shati limepandishwa, macho yamefumbwa, sindano mkononi haijasogea. Mimi nimedunga ng'ombe tangu nikiwa na miaka ishirini. Nilimnyang'anya ile sindano, ambayo ina umbo la kalamu, nikaifanya kazi. Nilipokwisha kuitoa akauliza nitaanza lini. Tangu siku hiyo alikuja kila Ijumaa kabla jua halijatua, ili Sabato imkute ameshamaliza mambo yake.

"Kwa nini usiiweke nyumbani?" nilimwuliza. "Nanyi mna friji."

"Friji iko jikoni, na jikoni ni kwa Tryphosa. Nitamwambia nini? Kwamba ninadungwa dawa ya kunikatisha hamu ya chakula chake?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimeyaficha wapi? Si nimempelekea daktari?"

Nilikasirika tu, kama ninavyokasirika mtu akinishinda kwenye duka langu mwenyewe.

Kocha alimtaka ajipime kila wiki, lakini mizani ya nyumbani aliyonunua ilikuwa na mwisho wa kilo mia moja na ishirini. Kwa hiyo wakulima walipokwisha kuondoka kituoni alipanda kwenye mizani ya chai. Mwezi mzima alimsomea Natasha namba ambazo hazikulingana na za kliniki, na Natasha akachanganyikiwa pia. Siku moja nilimpitia kituoni nikamwona akifanya hiyo kazi. Alisoma mizani, akatoa kilo moja, ndipo akaandika.

"Hiyo kilo unaitoa ya nini?"

"Ya mfuko," alisema. Kisha akajitazama. Miaka ishirini ametoa kilo ya mfuko kwenye kila mzigo, mkono wake haukujua kwamba safari hii mfuko ni shati lake.

Kufikia mwezi wa saba alikuwa kwenye mia moja na kumi na nne, bila mfuko. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu. Alipanda kilima cha kituo bila kusimama katikati akisingizia simu. Mimi nilifurahi, nikidhani na wengine watafurahi, lakini watu wakaanza kumpa pole barabarani. Kwetu mtu hakondi hivi hivi. Ni ule ugonjwa, au ni mwanamke wa nje, au nyumbani hakuna amani. Tryphosa, aliyekuwa akisifiwa, sasa akawa anatazamwa. Akaongeza chakula. Jasper akawa anaacha nusu ya sahani na kusema ameshiba, naye Tryphosa akawa anaifunika ile nusu na kwenda nayo jikoni kulia.

Alinipigia simu. "Omosa, mume wangu ana nini?"

"Sijui," nilisema. Dada yangu wa tumbo moja, na nikamdanganya, kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi. Niliona uchungu siku nzima, nikawakaripia wateja ambao hawakunikosea.

Ijumaa moja mteja wangu Nyangau alikuja kutafuta dawa ya minyoo ya ndama. Hakuona mtu dukani, akafungua pazia. Alimkuta Jasper tumbo wazi nami nimeinama na sindano. Alifunga pazia vizuri, akatoka. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika Kenyenya kwamba ninamdunga mume wa dada yangu dawa ya ng'ombe. Wengine walisema ni ya kunenepesha, ila imerudi nyuma.

Jumatano mama akaja nyumbani kwa Jasper, na kapu la ugali wa wimbi na kuku wawili wa kienyeji waliopikwa. Alikuwa ameniamuru nifunge duka nimpeleke. Sasa, kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni. Mkwe na mama wa mkewe hawagusani, hawataniani, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Chakula chake pia mkwe hakikatai. Jasper alikaa mezani peke yake akala ugali wote na kuku zaidi ya nusu, jasho linamtoka. Natasha alikuwa amemwonya kwamba kwa dawa ile mlo mkubwa hautakaa tumboni. Kweli haukukaa. Alifika nje ya mlango tu, na mama alisikia kila kitu.

Mama aliniita chumba cha watoto. "Omosa, mkwe wangu anaumwa nini?"

"Mama, siwezi kusema."

"Basi dada yako anafunga nguo zake, twende naye. Mke humwuguza mume ambaye ugonjwa wake anaujua. Simwachi alale na siri."

Tryphosa alikuwa ameshachukua begi. Hakuwa akilia. Alikuwa akikunja nguo polepole, kama mtu anayengoja kusikia ameitwa.

Nilimfuata Jasper kwenye kibaraza, ambako alikuwa akisukutua mdomo. "Sema leo," nilimwambia, "ama mke anaondoka."

"Niseme habari za tumbo langu, mama akiwa ndani?" Aliniuliza kama mtu anayetaka kufundishwa kweli. "Nikikaa kimya nimempoteza mke. Nikisema nimemvunjia mama heshima. Wewe ungefanya nini?"

Mwishowe tulifanya hivi. Mama alibaki chumba cha watoto, mlango umeachwa wazi kidogo. Jasper alisimama sebuleni akitazama kalenda ya ukutani. Mimi nikawa katikati, na Tryphosa karibu na mlango wa nje na begi lake.

"Shemeji," Jasper aliiambia kalenda, "mwambie anayetaka kujua kwamba sina ukimwi wala sina mwanamke. Ninatibiwa unene, na dawa iko kwenye friji ya duka lako."

Niligeuka. "Mama, anatibiwa unene." Alikuwa amesikia, lakini ilibidi.

Kisha mama akasema, "Mwulize unene unamwuma wapi."

"Shemeji, unakuuma wapi?"

"Mwambie hauumi. Hata baba haukumwuma. Alikuwa akipalilia chai, akaanguka. Mwambie mwanangu Bitutu ana miaka kumi na mmoja, na mimi naogopa." Alinyoosha kalenda ambayo haikuwa imepinda. "Mwambie naogopa sana."

Hilo la mwisho sikulirudia. Nilisikia mama akikalia kitanda cha mtoto. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Mwambie nilimpikia kuku wawili."

"Mwambie walikuwa watamu," Jasper alisema.

Tryphosa hakunitumia mimi. Alimwambia mumewe moja kwa moja, "Kwa hiyo friji ya chanjo za kuku ilijua kabla yangu."

Jasper aliiacha kalenda, akamgeukia. "Nilikuogopa wewe kuliko wote. Watu walikuwa wakiniona wanakusifu. Nikikonda watakusema vipi?"

"Walishanisema." Begi lilikuwa bado mkononi. "Miaka kumi na minane nimekupikia mpaka ushibe. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Sasa nikupikie nini?"

Ile karatasi yenye picha ya sahani haikuwa na jibu la swali hilo.

"Pika kama unavyopika," Jasper alisema. "Nipe nusu. Nusu nyingine uje ule hapa, na mimi."

Tryphosa alinigeukia kuhakikisha kama nimesikia alichosikia. Dada yangu hajawahi kula kwenye meza hiyo. Anaandaa, anarudi jikoni, anakula na watoto. Mama yangu pia alikula hivyo maisha yake yote, na mke wangu, nilipofikiri, sikujua hata huwa anakaa wapi akila.

Begi lilirudi chumbani. Jioni mama alikula jikoni na wajukuu, maana chinsoni haivunjwi mara mbili kwa siku moja. Nami nilikuwa nimekaa nikimngoja nimpeleke kwangu alale. Tryphosa alileta ugali mdogo, mboga nyingi na maharagwe, akaviweka mezani kati ya kiti chake na cha Jasper. Kisha akaleta beseni na jagi la maji ya vuguvugu, akamnawisha mumewe kama siku zote. Alipomaliza alibaki amesimama na jagi, hajui aliweke wapi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumnawisha yeye. Jasper aliinuka, akalichukua kutoka mkononi mwa mkewe.