Damu Ilipoingia Kwenye Bluu

Nisiwafiche, kanisani kwetu Pasiansi mpaka leo nikiingia kuna mtu anabana kicheko, na ana haki.

Nilikuwa kidato cha sita, mtihani umebaki wiki tatu, ule ambao ukiboronga baiolojia na kemia basi udaktari utausikia redioni tu. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaamua kusoma kisasa: nikatafuta kalamu za rangi, nikawa napaka daftari. Nyekundu maneno muhimu, bluu maneno muhimu zaidi, njano yaliyobaki (yaani hakuna kilichopona). Nasoma kwa sauti huku napaka, mama pembeni anachambua dagaa, ananiita Dokta, na mimi bila haya naitika. Kufunga daftari nijiulize nimeshika nini? Hiyo niliwaachia wasiojiamini.

Ikafika Jumapili ya kuwaombea watahiniwa, tukaitwa mbele na kalamu zetu ziombewe. Mzee wa kanisa, kwa upendo tu, akasema Dokta awaeleze watoto damu inavyozunguka mwilini. Nikatabasamu. Ukurasa ule ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, hata nyota niliuchorea.

"Damu inatoka kwenye moyo," nikaanza, "upande wa kulia." Ukurasa nauona kichwani vizuri kabisa, rangi zote zipo, neno hata moja halipo. Mzee akauliza kwa upole, inakwenda wapi.

"Inaingia kwenye bluu."

Kanisa zima likacheka, kwaya ikiongoza. Ndipo mama yangu, aliyeishia darasa la saba, akasimama akidhani ananiokoa: "Inakwenda kwenye mapafu kuchukua hewa, mwanangu, halafu inarudi upande wa kushoto." Makofi yakapigwa, yake. Mchungaji akaniombea mimi peke yangu, maombi marefu sana.

Nyumbani mama hakunigombeza. Alivuta ungo wa dagaa, akalifunga daftari langu, akalikalia.

"Mimi ndiye mgonjwa wako. Nieleze."

Nikababaika, nikaomba nichungulie kidogo tu.

"Mgonjwa ameshakufa huyo," akasema, anapepeta mchanga. "Anza tena."

Jioni ile nilimuua mama yangu mara tano, ya sita ndiyo akapona, nikalia kama mtoto. Sasa niko mwaka wa pili wa udaktari, na nimeapa sitasema tena nimesoma kitu ambacho siwezi kukieleza daftari likiwa limekaliwa.